Sare ya Green

Nichekeni, lakini taratibu, maana aibu yenyewe haijapoa. Harusi ya mdogo wangu ilipokaribia kule Mambrui, nilipewa kazi moja tu: kuwatangazia wanawake wa ukoo rangi ya sare. Shangazi Mwanasha aliniusia, "Mwanangu, taja kitu. Sema kijani cha mchicha, kila mtu ataelewa."

Mimi, karani wa ofisi Kilifi, niliona mchicha unanishusha hadhi. Nikaandika kwenye grupu kwa Kiingereza: "Green." Wote wakajibu sawa, nami nikajiona msomi.

Siku ya harusi, wa kwanza aliingia na kijani cha ndimu. Wa pili alivaa cha chupa ya soda, wa tatu cha zeituni, na wifi yangu kinachong'aa kama cha kasuku. Cha mchicha nilivaa mimi peke yangu.

Mpiga picha akaita, "Wenye sare, njooni mbele!"

Wanawake wakatazamana, hakuna aliyeinuka. Ndipo Shangazi akasema kwa upole, mbele ya wageni wote, "Basi na atangulie karani wetu, aliyeona haya kuandika mchicha."