Baba wa Ubatizo wa Darasa

Mpaka leo sijamsamehe yule bwana alivyolamba vidole siku ile.

Jirani yangu Fortunata Ccahuana, mjane, ndiye aliyetukaba wazazi wa kijiji hiki cha Ayrampo tujenge darasa la sekondari. Shule yetu iliishia msingi. Msichana akimaliza, anapelekwa mjini kufua nguo za watu, na Yeny wake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza.

"Wangu hafui chupi ya mtu," alisema.

Basi tukakanyaga udongo miguu mitupu kwenye baridi ya milimani, tukafyatua matofali, wanawake watoto mgongoni, mpaka darasa likasimama.

Kwetu nyumba haikaliwi kabla haijabatizwa, na anayeibatiza anakuwa mzazi mwenzio mpaka kaburini. Tukajiona wajanja: tumpe ubaba Don Efraín, ofisa elimu wa wilaya. Akishakuwa baba wa darasa, atalinyimaje mwalimu? Wajanja sisi! Tulimkabidhi fisi bucha.

Akaja, akavunja chupa mlangoni, akahutubia. "Wazazi wenzangu, mwezi wa tatu mwalimu yupo hapa!" Tukapiga makofi kama mazuzu. Akatafuna simbilisi wetu wa kuchoma, akalamba vidole, akashushia pombe ya mahindi, akabeba na viazi vya njiani. Melitón, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ndiye aliyemshikia sahani, mgongo umepinda utadhani anatafuta sindano.

Mwezi wa tatu ukafika, shule zikafunguliwa. Watoto wakaingia, wakautazama ubao, wakarudi nyumbani. Fortunata akashuka wilayani, akakalishwa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Akarudi tena, karani akamwambia:

"Mkubwa yuko kikaoni."

Kikao! Na kicheko chake kinasikika mpaka nje. Ptuu!

Mvua zilipokwisha, gari la Don Efraín likapanda mlima. Tukakimbilia barabarani tukidhani mwalimu kaletwa. Akateremka peke yake.

"Mzazi mwenzangu Fortunata," akasema, kinywa kimejaa asali, "nimekuja kindugu. Mke wangu kajifungua. Nipe Yeny akatusaidie kazi za nyumbani. Jioni atasoma."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Hayo yana taratibu zake, mama. Bajeti."

"Mwalimu umemsahau, yaya ndiye uliyemkumbuka! Koma, Don Efraín. Binti yangu humpati mpaka unizike."

"Mama, usinivunjie heshima. Mimi ni baba wa darasa hili."

"Haya, ingia ukalifundishe."

Hakuingia. Na sisi wengine, tuliokanyaga udongo ule ule? Tulisimama pale kofia mikononi, tukihesabu kokoto. Fortunata alitutazama mmoja mmoja, akamshika Yeny mkono, akaenda zake.

Gari halikurudi tupu. Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti wa Melitón, kifurushi mapajani, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango, huku akishukuru.