Ng'ombe wa Otilia Aliyeko Mutuka

Ukimkuta Otilia Theodory mbele ya ile skrini yake nyeusi, usimsalimie. Hatakusikia. Macho yake huwa mbali, kama anatazama wingu likishuka mlima Kwaraa, na vidole vinaandika amri polepole. Miaka sita tumefanya kazi pamoja kwenye redio yetu ndogo hapa Bagara, mjini Babati, yeye fundi wa kompyuta, mimi mtangazaji wa mchana. Mimi napayuka kutwa. Yeye akitoa sentensi tatu, ujue ni sikukuu.

Redio ina kompyuta moja kubwa tu, lakini ndani yake Otilia amewasha mashine pepe tatu, yaani kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Moja inarusha matangazo, moja inapokea ujumbe wa wasikilizaji, na ya tatu ni ghala la sauti: kwaya, mahubiri, masimulizi ya wazee. Aliwahi kuniambia kwamba anaweza kuilaza yoyote kwa amri ya mstari mmoja, na chochote ilichokuwa inakiwaza dakika ile kikaandikwa kwenye faili. Ukiiamsha hata mwakani, inaendelea pale pale, haijui kama ililala. Nikamwambia na mimi anilaze hivyo mpaka masika yaishe. Hakucheka.

Nakala moja ya ghala aliiweka kwenye diski ya ofisini. Nyingine alitaka kuipeleka kijijini Mutuka kwa Mzee Anselmi, mkulima asiye na hata redio nzuri, nikadhani amechanganyikiwa.

"Kwetu Mbulu mtu hafugi ng'ombe wake wote zizi moja," alinieleza. "Ugonjwa ukiingia unamaliza. Mmoja unampa rafiki. Atamlisha, atakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako."

Baba yake, Mzee Theodory, alikuwa na ng'ombe kwa Anselmi tangu Otilia hajaanza shule. Basi diski ikafuata njia hiyo hiyo, Ijumaa moja ya Machi. Asubuhi ya siku hiyo Mzee Theodory alikuja studio akasimulia nusu saa nzima jinsi walivyohamia Babati. Alasiri Otilia akalilaza ghala la sauti, akachukua nakala, akaipeleka Mutuka. Jumapili yake mzee akafariki usingizini. Baada ya mazishi Otilia hakukanyaga Mutuka tena, ingawa nakala za ofisini aliendelea kuzichukua kila wiki.

Septemba umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta kubwa ikafa, na diski ya ofisini, iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwake, ikafa nayo. Sauti ya Mzee Theodory ikawa imebaki mahali pamoja tu.

Siku ya tatu meneja alileta kompyuta nyingine, akatuma bodaboda Mutuka kufuata diski. Kijana wa watu akarudi mikono mitupu.

"Mzee kagoma," alisema. "Anasema ng'ombe hachukuliwi na mtu wa kutumwa. Aje mwenyewe."

Meneja alikasirika, mimi nikacheka. Kisha nikamwona Otilia anaogopa, nikaona aibu.

"Nikifika nitamkuta ng'ombe wa Baba," alisema, "na Baba hayupo."

Nikamwambia twende wote.

Mzee Anselmi alitupokea kama wageni wa kawaida. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Tukanywa chai ya maziwa, diski haijatajwa. Akatupeleka zizini kwanza, akamwonyesha Otilia ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe, naye akamshika shingo akakaa hivyo muda mrefu. Ndipo mzee akaingia ndani kwenye sanduku la mkewe, akatoka na diski imefungwa kwenye khanga.

"Miezi sita hukuja kumwangalia," alisema. "Baba yako hakukosa hata msimu mmoja."

"Nisamehe, baba."

"Huyu wako hana maziwa. Lakini kila Jumapili nimemfuta vumbi."

Otilia akalia, na mimi pia, mtangazaji mzima.

Tulirudi ofisini mchana. Alirudisha faili mahali pake pa zamani, kisha akaandika amri ya kuamsha, virsh restore, na jina la nakala. Hakuna kilichotokea kwa muda, nikaanza kusali kimoyomoyo. Halafu ghala likafunguka taratibu kama mtu anayeinuka kitandani, na saa yake pembeni ikasoma: Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na dakika kumi alasiri.

"Hapa Baba yuko hai," Otilia alisema. "Yuko nyumbani Maisaka, anaota jua."

Waya wa mtandao ulikuwa bado mkononi mwake. Akiuchomeka, mashine itauliza saa na kujisahihisha. Akafungua rekodi kwanza. Tukasikia kikohozi, kisha sauti ya mzee: "Otilia, hiki chombo kinanisikia?"

"Kinakusikia, Baba," ilijibu sauti ya Otilia ya Machi, na yeye mwenyewe akajibu pamoja nayo.

Tulisikiliza nusu saa yote. Meneja alisimama mlangoni akisikiliza. Rekodi ilipokwisha Otilia akapumua, akachomeka waya. Saa ikaruka hadi Septemba.

Jumamosi alikwenda Mutuka na diski mbili, ile ya Machi ambayo hakuifuta, na mpya. Mzee Anselmi akazipokea kwa mikono miwili, akazitazama.

"Kumbe amezaa," alisema, akaingia ndani kutafuta khanga ya pili.