Dawa Si Pilau

Da Swaumu hajui kunyamaza. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nataka kumsimulia mwanamke mpole. Fundi akimzungusha malipo ya maji, anayamwaga yote palepale mbele ya msingi wa nyumba, anageuza mkokoteni wake na kuondoka. Nampenda kwa hilo.

Hapa mtaa wa Picha ya Ndege watu wanajenga kila upande na mabomba hayajafika kote, kwa hiyo sisi wenye punda hatulali njaa. Tunabeba maji, mchanga, matofali. Mimi nilikuja na punda mmoja, Tulia, niliyepewa na baba kule Kibuta baada ya kuachika. Da Swaumu ndiye aliyenionyesha namna ya kumfunga mkokoteni asichubuke. Jioni punda wetu wote wanakula majani kwenye kiwanja kimoja kikubwa ambacho mwenyewe hajakijenga, na aliyeachiwa kukisimamia ni Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wetu sisi wenye punda. Ukifukuzwa pale, punda wako atakula nini? Mifuko ya nailoni?

Mzee Mwinjuma si mtu mbaya. Ubaya wake ni kupenda usawa mpaka unaumiza. Kila baada ya miezi kadhaa tunachanga, inanunuliwa chupa ya dawa ya minyoo, naye anaigawa kwa kifuniko cha soda. Kila punda kifuniko kimoja, awe mzima au mgonjwa, mkubwa au mdogo. "Hapa hapunjwi mtu," anasema, na watu wanaitikia. Ndivyo tulivyolelewa. Pilau ya hitima ikiletwa, kila mtu apate, hata kama ni tonge moja.

Vifuniko hivyo Tulia wangu alivimeza vyote na bado alizidi kukonda. Mbavu zilihesabika, tumbo likaning'inia, manyoya yakawa kama mkeka wa zamani. Chupa nzima peke yangu nisingeiweza. Na Tulia akifa, mimi safari ni Kibuta, kwenda kula kwa wake wa kaka zangu huku wakinihesabia matonge. Niliapa sirudi.

Da Swaumu akaenda kumleta Raudha, afisa mifugo wa kata. Raudha alichukua kinyesi cha punda wa yeyote aliyekubali, na tulikubali watatu tu: mimi, Da Swaumu na Zahoro anayebeba mchanga. Majibu yalipotoka, punda wa Da Swaumu na wa Zahoro walikuwa na mayai ya minyoo machache mno, hawakuhitaji dawa kwa wakati ule. Wangu alijaa. Raudha akampima Tulia kifuani kwa utepe kupata uzito wake, akaniachia bomba la sindano lisilo na sindano, akalichora mstari. Dawa ifike hapo. Tulipojaribu kwa maji, maji ya kifuniko kimoja yalipanda kidogo tu.

"Dozi ndogo inaua minyoo dhaifu," Raudha alisema. "Inabaki ile sugu, na hiyo ndiyo inayozaa. Mkiendelea hivi, itafika siku hata dozi kamili haitafanya kitu."

Tangu siku ile Da Swaumu akawa anazoa kinyesi kiwanjani kwa koleo, cha punda wake na cha punda wa watu, maana minyoo michanga hutoka humo ikapanda kwenye majani. Vijana wakamwita Mama Mbolea. Naye anaitika kwa sauti: "Abee!"

Siku ya dawa ikafika. Mzee Mwinjuma akagawa vifuniko kama kawaida yake. Da Swaumu akapokea chake, lakini hakwenda kwa punda wake. Alikuja kwangu, akakimimina kwenye bomba.

"Unafanya nini, Swaumu?" Mzee Mwinjuma akauliza.

"Nampa Tulia. Wangu amepimwa, hana haja nayo."

"Kila punda na haki yake. Asiyepewa dawa hali hapa, asije akatuletea minyoo."

"Haki yangu si umenipa mkononi? Basi ni yangu, nampa nimtakaye."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Minyoo ndiyo haisikii dawa, Mzee, na sisi ndio tunaoifundisha ukaidi. Dawa si pilau!"

Nikamimina changu. Mstari bado ulikuwa juu. Da Swaumu akaliinua bomba watu waone, wala hakumwomba mtu. Zahoro akakohoa, akaangalia chini, kisha akaja na kifuniko chake mkononi. "Wangu naye mzima," akasema. Dawa ikafika mstarini.

"Basi mtoke wote watatu!" Mzee Mwinjuma akafoka. "Na atakayewafuata, atoke naye!"

Sikushikwa na woga. Ni hasira. Mnyama wangu anakufa mbele ya macho ya watu na bado tunazozana kuhusu vifuniko! Nikakaza kamba, Da Swaumu akapenyeza bomba pembeni mwa mdomo wa Tulia, akasukuma taratibu mpaka dawa ikaisha. Tulia akameza.

Ndipo Da Swaumu akamfungua punda wake, akamwachia ale pale pale, mbele ya mwenyekiti.

"Nitoe sasa. Kwa mkono wako."

Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja, Sikuzani, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo Raudha atakuja tena lini? Na wangu apimwe." Mwingine akasema hata yeye.

"Mwenyekiti hapa ni mimi!" Mzee Mwinjuma akasema.

"Ni wewe, Mzee wangu. Ila sisi tukitoka, utabaki mwenyekiti wa majani."

Watu wakacheka, na Zahoro akacheka kuliko wote. Mzee Mwinjuma alisimama na chupa yake, akitutazama mmoja mmoja, akingoja tuondoke. Nami nikafungua kamba ya Tulia, nikamwachia ale.