Nyumba Kati ya Kuta Mbili

Mama mdogo ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Wa Ng'ambo. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Anakaa pale mto unapoingia baharini, na mto huo ndio mpaka wa wilaya mbili: ya upande wa soko na ya upande wa shule. Kila wilaya ina siku yake ya usafi. Wa sokoni walipokuja kumwita akazibue mitaro, alitoa kichwa dirishani, pini mdomoni, akasema yeye ni wa ng'ambo. Wa shuleni walipokuja, jibu lilikuwa lile lile. Miaka nenda rudi hakushika fagio la wilaya yoyote. Sisi watoto wa dada yake tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Aliyempa ujanja huo ni mto wenyewe. Zamani ulipita nyuma ya nyumba. Mvua moja kubwa, kabla sijazaliwa, ikauhamisha, sasa unapita mbele. Nyuma limebaki bonde kavu la mchanga. Nimelitembea lote nikitafuta walau kigingi cha mpaka, nikaambulia kandambili moja ya mguu wa kushoto. Wilaya ya soko inasema mpaka unafuata maji yalipo. Ya shule inasema mpaka ulibaki bondeni. Kwa hiyo kila moja inaona nyumba ile ni ya mwenzake, na mama mdogo aliona ni raha tupu.

Mwaka huu bahari imeanza kula ardhi. Choo cha jirani kiliondoka asubuhi kweupe, mlango ukiwa bado umefungwa na kufuli. Ndipo wilaya zote mbili zikaanza kujenga ukuta wa mawe ufukweni, kila moja kutoka kwake. Mama mdogo alisikia malori yakimwaga mawe, akaendelea kunishonea sare huku akiimba.

Ukuta wa soko ukafika ukingoni mwa mto, ukasimama. Wa shule ukafika bondeni, nao ukasimama. Katikati palibaki pengo, na ndani ya pengo, nyumba yake. Wimbo ukakatika.

Tulikwenda naye kwa msimamizi wa ujenzi wa upande wa shule. Mama mdogo alimwomba ukuta uvuke bonde tu, uizunguke nyumba. Yule bwana akamtazama kwa makini.

"Mama, si wewe ndiye Wa Ng'ambo?"

"Hilo jina la utani tu, baba."

"Basi nenda ng'ambo wakusaidie."

Vibarua walicheka. Mimi nilitazama mawe yaliyobaki, nikaona yangetosha.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya soko kufanya usafi. Mama mdogo alitokea na fagio jipya, akafagia mtaro kuanzia mabanda ya nyanya mpaka machinjioni, bila kupumzika. Wanawake walimkodolea macho, hakuna aliyemtania, na hilo ndilo lililonitisha. Alipomaliza, mwenyekiti wa mtaa alikuja kumshika mkono.

"Ahsante kwa kutusaidia," akasema, "jirani."

Njiani kurudi mama mdogo aliliburuta fagio.

Kisha mvua zikaanza kunyesha huko juu mto unakotoka. Kwetu jua liliwaka, lakini maji yakageuka rangi ya chai na kuanza kunuka udongo. Bahari nayo ilijaa kuliko kawaida, na kila wimbi lililogonga kuta lilikimbilia penye pengo.

Leo mchana nilikuwa nimesimama juu ya stuli, ananikunjia pindo la sare, maji yalipopita chini ya mlango wa mbele, ya kahawia, na majani ndani yake. Nikageuka nimwonyeshe, nikaona mengine yanaingia kwa mlango wa nyuma, meupe, yana povu. Mama mdogo alichovya kidole akaonja.

"Haya ya chumvi," akasema taratibu.

Yakakutana chini ya cherehani.

Tuliinyanyua mashine, yeye kichwani, mimi nikishika miguu yake ya chuma, tukatoka. Kwenye ncha za kuta watu walikuwa wamejaa wakitutazama. Wa huku waliwanyooshea kidole wa kule, wa kule waliwanyooshea wa huku.

"Mama mdogo, tunakwenda upande gani?"

Alifungua mdomo kama alivyozoea pale dirishani. Halafu akaufunga.