Uji wa Nguvu wa Shosho

Hapa Ruiru ninapoishi kuna kinu cha kusaga unga, na kila ninapokikaribia pua yangu hupata habari kabla ya macho: unga wa wimbi wenye joto, mtama, mahindi makavu, na katikati yake harufu ya njugu, tamu na nzito. Wenzangu humeza mate. Mimi huvuka barabara. Lakini hata nikivuka, harufu hiyo hunibeba hadi Ngoliba kwa Shosho, mama yake mama, nilikopelekwa kila shule zilipofungwa.

Nilikuwa mwembamba, ndugu msomaji, wembamba wa kusikitisha wageni. Shosho alinipokea kwa kunipima mkono kwa vidole vyake, akaguna, akaenda moja kwa moja kuchanganya nafaka. Kwetu mtoto dhaifu hutengenezewa uji wa mchanganyiko, na kila mama ana vipimo vyake. Shosho alitia wimbi, mtama, soya, na njugu za shamba lake mwenyewe, alizozikaanga taratibu mpaka maganda yakapukutika.

Asubuhi jua liliingia jikoni kupitia nyufa za mbao, moshi ukielea ndani yake, nami nikikaa kwenye kigoda nikitazama uji unavyotokota. Nilipenda kila kitu cha saa hiyo isipokuwa kuunywa.

"Shosho, huu uji unauma mdomo."

"Wacha kudeka," alinijibu kwa upole, akinipulizia kikombe. "Kunywa upate nguvu."

Nikanywa. Midomo ikawasha, tumbo likasokota, vipele vikanitoka shingoni. Majirani walisema ni minyoo. Wengine, vumbi la kiangazi. Shosho aliona nazidi kudhoofika, basi akaongeza njugu.

Siku moja macho yangu yalivimba yakafumbika, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Nakumbuka mgongo wa Shosho, leso aliyonifungia, sauti yake ikiniambia nivute pumzi, nivute tena. Nakumbuka harufu ya mananasi mashambani tukiwa juu ya pikipiki, maana kuona sikuweza.

Hospitalini Thika nilidungwa sindano, pumzi ikarudi polepole. Daktari, mwanamke kijana, akauliza nilikuwa nimekula nini.

"Ni uji tu, daktari," Shosho alisema kwa fahari kidogo. "Hata nimeongeza njugu kwa vile huyu mtoto hana mwili."

"Shosho, ni hizo njugu. Mwili yake inazikataa. Hata kidogo tu inaweza kumuua."



Shosho hakupanda njugu tena, ingawa alizipenda kuliko nyama. Akanitengea sufuria na mwiko wangu. Kwenye kinu cha kijijini alimwomba msagaji apitishe kwanza mahindi matupu ili mashine isafishike, na unga ule wa kwanza akawapa kuku. Watu kwenye foleni walimtania kwamba siku hizi anawapikia kuku uji. Alicheka nao, lakini hakubanduka pale mlangoni. Leo najua hata hilo halikutosha. Unga wangu nausagia nyumbani, husoma maandishi ya kila pakiti, huwauliza wapishi maswali mpaka wanachoka, na sindano yangu ya dharura haitoki mkobani.

Kuna jambo moja nililiona wakati ule bila kulielewa. Tangu siku ya hospitali, mtoto yeyote akimwambia Shosho kitu kinamuuma, hata binamu yangu aliyekuwa bingwa wa visingizio, Shosho aliweka jembe chini, akachuchumaa, akauliza, "Wapi? Nionyeshe." Tulidhani uzee umemlainisha.

Sasa nina mtoto wangu. Juzi alisukuma sahani akisema maharagwe yanamkwaruza koo. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa karibu kumwambia amalize, kisha nikajikuta nimechuchumaa mbele yake. Ndipo nikajua Shosho alikuwa akiishi na nini miaka yote ile: kwamba nilimwambia, kila asubuhi, na alinisikia, akaniambia ninywe.