Picha Mbichi Chini ya Kitambaa

Mama yangu hawezi kuvumilia kuona kitu kimekaa uchi. Alipokuja kutoka Kenya kunitembelea hapa Acocks Green, Birmingham, nusu ya sanduku lake ilikuwa vitambaa vya kufuma, na haikupita wiki kabla hajavalisha makochi, runinga, maikrowevu na hata mashine ya kufua. Nilipomlalamikia alinijibu kwamba nyumba yangu ilikuwa inafanana na ofisi ya chifu. Nikamwachia avalishe. Mama ni mama, hata ukimlipia nauli.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi mwanamke mchoraji, mkimbizi kutoka Afghanistan. Tulijuana kupitia sahani. Aliniletea mikate ya kwao iliyojazwa viazi, nami nikashindwa kurudisha sahani tupu, nikaweka chapati. Naye hakuweza kuirudisha tupu, kwa hiyo sahani hiyo haijawahi kupumzika. Tunaongea Kiingereza, chake cha kuungaunga na changu cha wodini, hospitalini ninakofanya kazi. Kwao alichora sana, lakini kabla ya kutoroka alizichoma picha zake zote mwenyewe kwenye tanuri la mkate, ili zisije zikawaponza waliobaki nyuma. Tangu afike Birmingham hakuwa ameshika brashi.

Mwaka huu ndipo aliposhika. Alichora wanawake watatu juu ya paa bapa, wanakung'uta zulia jekundu: mama yake katikati, dada zake pembeni. Picha ilikubaliwa kwenye maonyesho katika ukumbi mmoja kule Northfield, na ilitakiwa ifike Jumamosi. Taabu ilikuwa chumba chake. Kuta zina ukungu, na rangi ya mafuta haikauki penye unyevu. Akaniomba aiweke kwangu. Tukailaza juu ya meza katika chumba cha wageni, karibu na hita, nami nikamwambia Mama asiiguse.

Mama hakuigusa. Aliifunika.

"Vumbi," aliniambia nilipotoka kazini, huku amejaa fahari. "Kitu kizuri namna hiyo mnakiachaje wazi?"

Alikuwa amechagua kitambaa chake kikubwa kuliko vyote, chenye maua. Nilipoinua ncha, kilikataa. Nilipokivuta polepole kilitoka na rangi, na zulia likabaki na matundu matundu. Kwenye uso wa yule mama wa katikati maua yalikuwa yamejipiga chapa kuanzia paji hadi kidevu, nyuzi zimenasa machoni. Mama aliangalia, akaangalia tena, akakaa kitandani. "Nimemharibia mtoto wa watu," alisema.

Nilichokiogopa mimi hakikuwa picha peke yake. Miaka niliyokaa nchi hii imenifundisha kwamba ukimkosea mtu hapa, hakugombezi. Anatabasamu, anasema "it's fine", na kuanzia siku hiyo anakusalimia kama mtu mliyekutana kwenye lifti. Nimeshapoteza rafiki kazini kwa njia hiyo, na mpaka leo sijui nilimkosea nini. Nilijua jirani yangu akiyatamka maneno hayo tu, tumekwisha. Sina rafiki mwingine mtaani.

Nikaenda kumwita. Mama alikataa kumngoja mikono mitupu; akasimama mlangoni na pakiti mbili za sukari kifuani, maana kwetu huombi msamaha kwa maneno matupu.

Jirani yangu alifika, akainamia ile meza. Kisha akavuta pumzi, akafungua mdomo, na mimi nikaomba Mungu kimoyomoyo: yasiwe yale maneno.

Hayakuwa yale. Alilipuka. Alimgeukia Mama, si mimi, akaanza kufoka kwa lugha yao, mikono hewani, akionyesha picha, akionyesha kitambaa, akionyesha mbingu. Hakuna hata neno moja nililolielewa na yote niliyaelewa. Mama aliinamisha kichwa na kila alipopata nafasi alijibu kwa Kiswahili: "Ni kweli, mwanangu. Nimekosa. Sema yote."

Akasema yote. Mimi niliegemea ukuta, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Anayekugombeza hivyo bado hajakuacha.

Alipoishiwa pumzi aliniomba kibanio cha nyusi. Kisha akamwonyesha Mama kiti. "Khala, sit. Hold this," akamkabidhi taa ya mezani. Khala kwao ni mama mdogo. Mama akashika taa bila kutingishika mpaka mkono ukamchoka, akahamishia wa pili. Nyuzi zilitolewa mmoja mmoja. Zulia lilikwanguliwa kwa kisu na kupakwa upya, na uso wa yule mama ukafutwa wote kwa kitambaa chenye mafuta, ukachorwa tena tangu mwanzo. Jumamosi picha ilitundikwa Northfield, upande mmoja bado mbichi, na hakuna aliyegundua.

Lakini wakati ule jirani yangu anamalizia kuchora macho, bila kuinua kichwa, aliniambia kitu. Kwamba huku kila mtu anamshika kama yai. Ofisini, chuoni, kliniki, wote wanaongea naye polepole na kumpa pole. "Tangu nitoke nyumbani sijagombana na mtu," alisema. "Hakuna aliyenikaribia kiasi cha kuniudhi."

Mama alitaka kujua anasema nini. Nikamtafsiria. Akamsogezea taa karibu.

"Mwambie na mimi nina langu," alisema. "Mbona hali? Shingo imebaki mifupa. Na kile chumba chenye ukungu, analalaje mle na sisi tuna kitanda hapa? Mwambie nimekasirika."

Nilimwambia, na hasira niliitia yote. Aliweka brashi chini, akamjibu Mama kwa lugha yao, kwa sauti ya juu. Mama akamrudishia kwa yetu, juu zaidi. Wakaendelea hivyo, wala hakuna aliyenigeukia tena nimtafsirie.