Mkorosho wa Waziri wa Ushirika

"Waziri akifutwa, mkorosho wake unakuwa wa nani?"

Bibi aliniuliza hivyo asubuhi moja shambani kwake Marambo, mkono mmoja kiunoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi mitatu tu kabla ya hapo, nina shahada ya sayansi ya siasa na ugonjwa wa kumbishia kila mtu, kuanzia mtangazaji wa redio hadi imamu. Siku hiyo nikaanza na "inategemea", akanikatiza.

"Miaka mitatu umesoma serikali," akasema, "halafu hujui inakwenda wapi ikiondoka."

Mti wenyewe ulikuwa pembeni mwa shamba, karibu na njia. Zamani, mama yangu akiwa msichana, Waziri wa Ushirika alikuja kuzungumza na wakulima. Wazee wakataka aache kumbukumbu, Bibi akatoa nafasi, Waziri akapanda mche wa mkorosho, akapigiwa makofi, akaondoka na vumbi lake.

Sasa kwetu mkorosho ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Mtu anaweza kuuza shamba akabaki na miti yake mitatu humo ndani, na kila msimu akaja kuokota korosho zake bila kumsalimia mtu. Na ukiupogolea mti wa mwenzako bila ruhusa, au ukaupulizia dawa, umetangaza kwamba unautaka. Bibi mwenyewe aliwahi kumpeleka shemeji yake kwa mwenyekiti wa kijiji kwa ajili ya tawi moja. Kwa hiyo mti wa Waziri hakuugusa. Korosho zake waliziokota wapita njia.

Mwaka ule niliotoka chuo uliingia ubwiriunga, ugonjwa unaofunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe mpaka yanakauka. Ulianzia kwenye mti wa Waziri. Bibi akapulizia dawa ya salfa miti yake yote, na baada ya wiki mbili unga ukawa umerudi, umepeperushwa kutoka kule pembeni. Mikorosho ile ndiyo iliyomlisha na ndiyo iliyonipeleka chuo. Maua yakiungua, hakuna msimu.

"Upulizie tu, mama," mama yangu akamwambia. "Nani atakuja kuuliza?"

"Kwani uliupanda wewe?"

Mama akainama, akaendelea kufagia majani makavu.

Nikajitolea kumtafuta mwenye mti, na kwa Bibi aliyeupanda ni Waziri, yaani cheo, si mtu aliyekuwa nacho. Simu yangu haikunisaidia. Orodha ya mawaziri wa sasa haikuwa na Waziri wa Ushirika, na kila ukurasa wa zamani niliofungua ulikuwa na jina refu tofauti. Nikapanda bodaboda hadi Ruangwa kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika mpaka alipostaafu.

"Waziri wa Ushirika na nini?" akauliza.

"Ushirika tu, mjomba."

"Hakuna Ushirika tu. Huyo hajawahi kulala peke yake."

Akanisimulia kana kwamba anamsema binamu yake. Ushirika alianza na Maendeleo ya Jamii. Akahamia kwa Kilimo. Kuna kipindi aliishi na Serikali za Mitaa. Baadaye akapewa wizara na Masoko, wawili tu, watu wakasema sasa ametulia. Wapi. Akarudi kwa Kilimo, Masoko akachukuliwa na Viwanda na Biashara.

"Na siku hizi?"

"Yupo kwa Kilimo. Ila jina lake wameliondoa mlangoni."

Nilimwomba ushahidi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Hakukasirika. Akatoa bahasha kutoka chini ya kitanda, imejaa barua za ofisini. Karatasi zenye jina la wizara ya zamani hazikutupwa, mjomba alilikata jina kwa mstari wa rula na kuandika jipya juu yake. Moja ilikuwa imekatwa mara mbili. Nilisoma mfumo wa serikali kwa miaka mitatu na sikuwahi kuona historia ya cheo ikiwa wazi kiasi kile, mistari miwili ya kalamu ya bluu.

"Mti uko kwa Kilimo, basi," nikamwambia Bibi niliporudi.

"Umesema wewe. Kilimo aje aseme mwenyewe mbele ya mti."

Ndivyo mtu anavyoachiwa mti kwetu. Mwenyewe anasimama chini yake, mashahidi wanasikia. Nikaenda mjini Nachingwea, nikampata afisa ugani wa Kilimo, kijana wa rika langu. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Dada, Serikali haina mkorosho Marambo."

"Una uhakika gani? Umeangalia wapi?"

Hakuwa ameangalia popote. Nikamweleza kuhusu ubwiriunga, akaacha kucheka. Siku ya pili akaja na pikipiki.

"Mume wangu, umechelewa," Bibi akampokea. "Maua yanakufa huku."

"Nisamehe, mke wangu, barabara."

Bibi alikuwa ameita majirani wanne. Mama alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika mashine ya kupulizia na mfuko wa salfa. Afisa akanitazama kama anayeomba msaada, nami sikumpa. Akasimama chini ya mti, akavua kofia.

"Mimi natoka Kilimo," akasema, "na Ushirika yuko kwetu. Mti huu tunamwachia bibi."

"Na mabibo yake?" jirani mmoja akauliza.

"Na mabibo yake."

"Na mkirudisha tena wizara ya Ushirika?" Huyo nilikuwa mimi.

"Dada, niache nimalize."

Mama akacheka peke yake, kicheko kirefu kilichomfanya Bibi ageuke kumwangalia. Mashine ikawashwa, na mti wa Waziri ukapata salfa kwa mara ya kwanza tangu upandwe. Maua ya kwanza tuliyapoteza, ila yaliyofuata yalishika, kwa Waziri na kwa Bibi. Toka hapo Bibi aliuita "mti wangu", akitamka hivyo kwa sauti kubwa kidogo watu wakipita njiani.

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Mwaka jana, mimi na mama tukiokota korosho chini ya mti uleule, nikamkumbusha jinsi afisa alivyovua kofia. Mama akacheka kicheko kilekile. Akaniambia mche wa Waziri haukumaliza mwezi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuumwagilia maji, akasahau, ukakauka. Kwa kumwogopa mama yake aling'oa mche mwingine uliojiotea chini ya mkorosho wa nyumbani, akaupanda palepale jioni, akakanyagia udongo kwa miguu.